"Buibui mzimu": ngeli, maana na tafsiri ya majina ya jenasi na spishi

Mwanafunzi anayeingia kidato cha kwanza katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, aghalabu huwa na lugha tatu. Runyambo ni lugha ya nyumbani na shambani, katikati ya migomba na mibuni. Kiswahili ndicho alichofundishiwa shule ya msingi na anachokitumia sokoni. Kiingereza ni lugha mpya atakayofundishiwa biolojia. Siku anapokutana kitabuni na jina "ghost spider", hana budi kuligeuza ili alielewe, na jibu la haraka humjia: "buibui mzimu".

Kila neno katika jibu hilo ni sahihi likiwa peke yake. Yakiunganishwa, hufundisha jambo ambalo kitabu hakikulisema. Makala haya yanaeleza kwa nini, na katika kueleza yanapitia masuala manne yanayowasumbua wanafunzi, walimu na wafasiri wanapoandika juu ya viumbe hawa kwa Kiswahili: ngeli ya neno *buibui*, tofauti kati ya *buibui* na *mdudu*, upatanisho wa maneno *jenasi* na *spishi*, na namna ya kutafsiri jina la kawaida la kiumbe.

Neno *buibui* na ngeli zake mbili

Kamusi za Kiswahili hutenga vidahizo viwili vyenye umbo moja. *Buibui* wa kwanza ni kiumbe mwenye miguu minane atoaye nyuzi za hariri. *Buibui* la pili ni vazi jeusi la kike la mwambao, livaliwalo juu ya nguo nyingine. Maana zote mbili hutofautishwa na upatanisho wa kisarufi:

– Buibui huyu amejificha chini ya jani la mgomba. (kiumbe, ngeli ya A-WA)
– Buibui hili limechanika ukingoni. (vazi, ngeli ya LI-YA)

Katika wingi, umbo *mabuibui* hutumika kwa maana zote mbili, na kwa kiumbe hutumika pia *buibui* bila kiambishi. Katika maandishi ya kisayansi ni bora kuandika *buibui hawa*, na kuliacha *mabuibui haya* liwe la vazi. Kufanya hivyo kunaondoa utata, na pia kunaepuka dokezo la ukubwa au dharau ambalo kiambishi *ma-* huweza kulibeba kinapowekwa kwenye majina ya viumbe, kama katika *majoka*.

Walimu wa Karagwe na Kyerwa wanalijua vizuri kosa jingine: "buibui hii imejificha". Asili yake inaeleweka. Katika Runyambo, kama ilivyo katika lugha nyingi za eneo la Maziwa Makuu, upatanisho hufuata ngeli ya nomino yenyewe, si uhai wa kinachotajwa. *Ente* (ng'ombe) na *enju* (nyumba) zimo katika ngeli moja, na viambishi vyake vya upatanisho ni vilevile. Kiswahili Sanifu kina kanuni ya ziada: nomino inayotaja kiumbe hai, hata iwe na umbo la ngeli gani, huchukua upatanisho wa A-WA. Ndiyo maana husemwa *kipepeo anaruka*, *nyoka amepita*, *buibui anawinda*. Mtoto asemaye "ng'ombe hii" anatumia kanuni halali ya lugha yake ya kwanza mahali ambapo Kiswahili kina kanuni yake. Mwalimu anayelijua hilo atamwonyesha kanuni zote mbili bega kwa bega, na kosa litarekebishika bila mtoto kuambiwa kuwa hajui kusema. Kwa kulinganisha misamiati, *Orunyambo: Msamiati wa Runyambo-Kiswahili-Kiingereza* wa Josephat Rugemalira, uliochapishwa mwaka 2002, ni msaada mkubwa darasani.

Je, buibui ni mdudu?

Katika Kiswahili cha kila siku, ndiyo. Neno *mdudu* lina eneo pana: humjumuisha nzi, funza, jongoo, buibui, na hata kisababishi cha ugonjwa kisichoonekana kwa macho. Katika Kiswahili cha biolojia, hapana. Huko *mdudu* limefinywa maana ili lisimamie kundi moja tu la arithropodi: wale wenye miguu sita na mwili wa sehemu tatu. Buibui ana miguu minane, hana mabawa wala vipapasio, na kichwa chake kimeungana na kifua kuwa sehemu moja. Kundi lake la kisayansi ni Arachnida, jina lililotoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya buibui, na ndilo alimo nge, kupe na utitiri.

Mfasiri asilichukulie jambo hili kuwa dogo. Mwanafunzi aliyeandika katika mtihani kwamba "buibui ni mdudu" hakudanganya, bali amejibu kwa Kiswahili cha nyumbani swali lililoulizwa kwa Kiswahili cha maabara. Dawa yake ni kuzitaja maana zote mbili wazi: *mdudu* kwa maana pana ya mazungumzo, na *mdudu* kwa maana finyu ya kitaalamu. Katika matini ya sayansi, buibui aitwe *arithropodi* au *arakinida*, au aitwe *kiumbe* tu pale ambapo jina la kundi halihitajiki.

Istilahi ya ngazi hii nayo ina ajabu yake. Maandishi mengi ya Kiswahili huita ngazi za uainishaji *himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi* na *spishi*. Kwa hiyo buibui yumo katika ngeli mbili kwa wakati mmoja: ngeli ya Arachnida kwa mwanabiolojia, na ngeli ya A-WA kwa mwanasarufi. Neno ni moja na wazo ni lilelile, yaani kupanga vitu kwa kufanana kwavyo, lakini mwandishi anayezungumzia zote mbili hana budi kutaja ni ngeli ipi anayoikusudia.

Jenasi na spishi katika sentensi

*Jenasi* na *spishi* ni nomino za I-ZI: *jenasi hii, jenasi hizi; spishi hii, spishi hizi*. Maneno haya yanataja makundi yaliyotengwa na wataalamu, hayamtaji kiumbe aliye mbele ya macho, na hivyo hayaingii katika A-WA. Upatanisho hubadilika pale sentensi inapohama kutoka kwenye kundi kwenda kwa kiumbe:

– Spishi hii inapatikana katika pwani ya Afrika Kusini.
– Buibui wa spishi hii anaishi katika nyufa za miamba.
– Si sahihi: Spishi huyu anapatikana katika pwani ya Afrika Kusini.

Jina la kisayansi lenyewe halitafsiriwi wala haliandikwi kwa tahajia ya Kiswahili. Huandikwa kwa herufi za mlazo. Jina la jenasi huanza kwa herufi kubwa na la spishi huanza kwa herufi ndogo, hata linapotokana na jina la mahali au la mtu. Jina la familia huanza kwa herufi kubwa lakini haliandikwi kwa mlazo. Jina la kisayansi linapokuwa kiima cha sentensi, upatanisho hutegemea kinachokusudiwa: *Amaurobioides ina spishi kadhaa* (jenasi), lakini *Amaurobioides africana hujenga kifuko cha hariri, naye hutoka usiku kuwinda* (kiumbe).

Mfano: jenasi *Amaurobioides*

Jenasi iliyotajwa hapo juu ni ya buibui wale ambao Kiingereza huwaita kwa neno la mzimu. Familia yao ni Anyphaenidae, yenye zaidi ya spishi 500, na makao yake makuu ni mabara mawili ya Amerika. Wengi wa familia hiyo wana rangi hafifu iliyopauka, hukimbia upesi juu ya majani usiku, na mchana hujificha ndani ya kifuko cha hariri katika jani lililokunjwa. Wanaonekana, kisha hawaonekani. Jina la Kiingereza lilitokana na hali hiyo, na kama yalivyo majina mengi ya Kiingereza ya familia za buibui, ni la vitabuni zaidi kuliko la vijijini: lilitungwa kwa ajili ya wasomaji wa vitabu vya mwongozo.

Katika Afrika kusini mwa Sahara, familia hiyo huwakilishwa na *Amaurobioides africana*, iliyopewa jina na Hewitt mwaka 1917, ambayo huishi katika pwani za Afrika Kusini na Namibia. Jenasi yake ina spishi zipatazo 12, zote za pwani za kusini mwa dunia: *A. maritima* na nyingine kadhaa za New Zealand, *A. litoralis* ya Tasmania, *A. isolata* ya Australia Kusini, *A. chilensis* ya Chile. Buibui hawa huishi mahali ambapo wengi wangeangamia: katika nyufa za miamba karibu na mstari wa maji kujaa, wakirushiwa matone ya chumvi na mawimbi. Hujifungia ndani ya kifuko cha hariri maji yanapopanda, na hula krasteshia wadogo wa ufukweni. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba chimbuko la jenasi hii ni Amerika Kusini, na kwamba ilienea kuelekea mashariki kwa kuvuka bahari hadi Afrika Kusini, Australia na New Zealand, kisha ikarudi Chile, katika muda wa takriban miaka milioni 8.

Wapo pia buibui wa baharini walio karibu zaidi na msomaji wa Kiswahili. *Desis crosslandi*, iliyoelezwa na Pocock mwaka 1903, hupatikana Zanzibar na huishi ufukweni vilevile, lakini ni ya familia nyingine kabisa. Makazi yanayofanana hayathibitishi undugu.

Majina ya spishi hizi yana funzo kwa mwanafunzi wa sarufi. Yanatungwa kwa njia chache zinazojirudia: sifa ya makazi (*maritima*, ya baharini, *litoralis*, ya ufukweni), sifa ya hali (*isolata*, iliyotengwa, *pallida*, iliyopauka), mahali (*africana, chilensis*), nomino iliyowekwa sambamba (*piscator*, mvuvi), na jina la mtu katika hali ya umilikishi (*crosslandi*, ya Crossland). Kivumishi cha Kilatini hupatana na jinsia ya jina la jenasi, kama kivumishi cha Kiswahili kinavyopatana na ngeli ya nomino. Tunasema *mtoto mzuri, kitabu kizuri, jambo zuri*. Kilatini nacho kina *africanus, africana, africanum*.

Mfano ulio wazi ni wa mti mmoja wa misitu ya milima ya Afrika, ambao gome lake hutumiwa katika dawa za tezi dume. Zamani uliitwa *Pygeum africanum*. Ulipohamishiwa jenasi nyingine mwaka 1965, ukawa *Prunus africana*. Mti haukubadilika, kilichobadilika ni nomino kuu, na kivumishi kikafuata. Vivyo hivyo, katika baadhi ya maandishi ya zamani buibui wa Afrika Kusini aliandikwa *Amaurobioides africanus*. Mfasiri anayekuta maumbo mawili asidhani ni spishi mbili, wala asisahihishe moja kwa kubahatisha. Aangalie orodha ya sasa ya wataalamu.

Jina la jenasi nalo linatahadharisha. Kiishio *-oides* humaanisha "mfano wa". *Amaurobioides* ni "mfano wa *Amaurobius*", jenasi nyingine ya buibui ambayo jina lake limeundwa kwa maneno ya Kigiriki ya giza na maisha. Hata hivyo, uainishaji wa sasa unaziweka jenasi hizo mbili katika familia tofauti. Jina la kisayansi lenyewe huweza kuhifadhi kosa la kale. Ikiwa ni hivyo kwa jina lililotungwa kwa uangalifu, jina la kawaida linahitaji uangalifu mara mbili.

Kwa nini "buibui mzimu" haifai

Kimuundo, "buibui mzimu" inakubalika. Kiswahili huunda majina ya viumbe kwa kuweka nomino mbili sambamba: *punda milia, bata mzinga, papa upanga, mbwa mwitu*. Nomino ya kwanza hutaja kundi, na ya pili hutaja alama ya kumtambulia kiumbe. Tatizo limo katika kile ambacho nomino ya pili huleta. Papa upanga ana upanga puani, na punda milia ana milia mwilini. Kwa mtindo huohuo, msikilizaji wa "buibui mzimu" atafahamu kwamba buibui huyo ana mzimu, au ni mzimu. Kiunganishi kikiongezwa, ikawa "buibui wa mzimu", maana inazidi kwenda kombo: sasa buibui anamilikiwa au ametumwa.

Neno la Kiingereza lililotumika katika jina hilo lina maana kadhaa, na mojawapo ni kitu cheupe, chepesi, kisichoshikika. Neno *mzimu* halina maana hiyo. Mzimu ni roho ya mtu aliyekufa, aghalabu wa ukoo, ambaye walio hai wana deni kwake. Mzizi wake, *-zimu*, ni wa kale katika lugha za Kibantu, nao umo pia katika *kuzimu* na katika *zimwi*. Runyambo ina *omuzimu*, kutoka katika mzizi uleule. Kwa hiyo kwa mtoto wa Karagwe au Kyerwa, tafsiri hiyo haisikiki kama tamathali ya rangi. Inasikika kama habari: kuna buibui anayehusiana na wafu wa nyumbani. Wakristo na Waislamu wa wilaya hizo hawana haja ya kuamini habari hiyo ili iwaathiri. Uzito wa neno hubaki katika lugha hata baada ya mila iliyoliunda kupungua. Buibui mpole alaye wadudu wa shambani anaweza kuuawa kwa sababu ya neno, na somo la biolojia likageuka kuwa la hofu.

Sarufi yenyewe inaonyesha kwamba Kiswahili huviweka viumbe wa aina hii kando. Methali husema *Zimwi likujualo halikuli likakwisha*. Zimwi linajua na linakula, yaani linatenda kama kiumbe hai, lakini upatanisho wake ni wa LI-YA. *Mzimu* nao kwa kawaida huchukua U-I: *mzimu umemjia*. Buibui yumo katika A-WA pamoja na watu na wanyama. Kumwita mzimu ni kumvusha mpaka ambao lugha imeuchora.

Maneno mengine yaliyo karibu hayaondoi tatizo. *Pepo* hupanda watu kichwani na hupungwa. *Jini* ana hadithi zake za mwambao. *Mzuka* ni kitu kinachozuka ghafla na kumtisha mtu. Kinakaribia tabia ya kutokea na kutoweka, lakini hofu imo ndani yake. *Kivuli* hakitishi sana, ila ni cheusi, ilhali buibui hawa wamepauka. Aidha, jina lenyewe la Kiingereza haliwaelezi vizuri buibui wote wa familia hiyo: wengi wa *Amaurobioides* wana rangi ya kahawia yenye mabaka. Kutafsiri neno la mzimu kwa ajili yao ni kutafsiri kwa uaminifu sifa ambayo hawana.

Tahadhari hiyohiyo karibu na Ziwa Victoria

Mfano wa pili unatoka jirani. Katika eneo la Ziwa Victoria upande wa Kenya na Uganda huishi buibui mrukaji mdogo, *Evarcha culicivora*, aliyepewa jina mwaka 2003. Jina la spishi linaeleza ukweli: *mla mbu*. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba hupendelea mbu jike walioshiba damu, na hivyo hupata damu ya wanyama wenye uti wa mgongo kwa kupitia mbu. Hamng'ati mtu wala hanyonyi damu yake. Kwa kuwa mbu jike wa *Anopheles* ndio waenezao malaria, buibui huyu ni mshirika wa binadamu.

Waandishi wa Kiingereza hupenda kumwita kwa jina la zimwi la hadithi za Ulaya linyonyalo damu usiku. Mfasiri wa Afrika Mashariki akitafuta neno lenye uzito uleule atafika kwa *mumiani*. Awali neno hilo lilitaja dutu ya dawa. Baadaye likawa la watu wanaodhaniwa kukamata wenzao na kuwatoa damu, na uvumi wake umewahi kuleta taharuki katika sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki. "Buibui mumiani" lingekuwa tangazo la kumuua kiumbe ambaye wataalamu wa malaria wanamsifu. Hata "buibui mnyonya damu" lina kosa, kwani humtaja kama kupe. Jina sahihi limo tayari katika Kilatini, nalo latafsirika bila taabu: *buibui mla mbu*.

Maneno ya hariri na utando

Kitenzi *tanda*, yaani kuenea juu ya kitu au kukitandaza, kimezaa maneno mengi: *utando*, *mtande* (nyuzi za urefu katika ufumaji) na *mtandao*. Nyumba ya nyuzi inayotegwa na buibui huitwa *utando wa buibui* au *tandabui*. Si kila hariri ya buibui ni tandabui, hata hivyo. Anyphaenidae hawategi utando. Huwinda kwa miguu. Hariri yao hutengeneza mahali pa kujificha na pa kulindia mayai. Hapo yafaa kuandika *kifuko cha hariri*, na kuliacha *utando* kwa buibui watandao. Mfasiri azingatie pia kwamba katika biolojia *utando* hutumika kwa ngozi nyembamba izungukayo seli au kiungo. Matini yenye maana zote mbili isiliache neno hilo bila kivumishi.

Mapendekezo kwa mwandishi, mwalimu na mfasiri

Mwaka 2022 orodha ya kimataifa ya buibui ilifikisha spishi 50,000 zilizoelezwa na wataalamu. Kiswahili kina neno moja kuu la kuwatajia wote. Huo si upungufu wa aibu. Lugha yoyote huwa na neno moja hadi wasemaji wake wapate haja ya kutofautisha. Haja hiyo sasa ipo Karagwe na Kyerwa. Hifadhi za Taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa zilianzishwa rasmi mwaka 2019, na waongozaji wageni, walimu na waandishi wa vipeperushi watawataja viumbe wadogo pamoja na wakubwa. Namna watakavyowataja mwanzoni ndiyo itakayozoeleka.

1. Tajo la kwanza liwe na jina la kisayansi na kundi: *buibui wa familia Anyphaenidae*, *buibui wa jenasi Amaurobioides*.

2. Kwa matajo yanayofuata, familia inaweza kuitwa *anifenidi*, yenye upatanisho wa A-WA: *anifenidi huyu, anifenidi hawa*.

3. Jina la maelezo likihitajika, litokane na sifa ambayo kiumbe anayo kweli. Kwa *Amaurobioides*, *buibui wa miamba ya pwani* linasema anapoishi, mradi liambatane na jina la Kilatini, kwa kuwa wapo buibui wengine wa ufukweni.

4. Ikiwa msomaji anahitaji kujua jina la Kiingereza, lielezwe badala ya kutafsiriwa: "Waingereza huwaita kwa jina lenye neno la mzimu kwa sababu ya rangi iliyopauka na wepesi wa kutoweka."

5. Katika hadithi au shairi ambamo mwandishi wa asili amekusudia kutisha, "buibui mzimu" linaweza kuwa tafsiri bora. Huko uzito wa neno ndio unaotafutwa.

6. Kabla ya kutunga jina jipya, mfasiri atazame *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia* ya mwaka 1990 na istilahi zilizosanifiwa na BAKITA. Kisha awaulize wazee wa mahali. Wakulima wa Kyerwa wanaopogoa migomba kila wiki na wachumaji wa kahawa wa Karagwe humtambua buibui wa kwenye jani, wa darini na wa kwenye gome. Jina la Runyambo linalotofautisha kiumbe mmoja na mwingine lina haki ya kupendekezwa katika Kiswahili kabla ya jina lililotafsiriwa kutoka ng'ambo.

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyetajwa mwanzoni anahitaji jibu fupi, nalo lipo. Akiuliza kiumbe wa kitabuni ni nani, aambiwe kwamba ni buibui mwindaji, mwenye miguu minane, aliyepauka, asiyetanda utando, na kwamba wengi wa jamaa zake wako Amerika. Akiuliza mzimu umetoka wapi, aambiwe kwamba umetoka katika Kiingereza, ambako neno hilo hutumika pia kwa kitu cheupe kinachotoweka. Atakuwa amejifunza juu ya buibui na juu ya lugha mbili, na mzimu wa kwao atakuwa amemwacha mahali pake.